Barua Isiyokuwa na Uongo

Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 2006, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mawingu mepesi, hapana mvua, upepo kidogo kutoka upande wa Ngong. Mimi ni mpimaji ardhi, na daftari la mpimaji lisiloanza na tarehe, saa na hali ya hewa halisimami mbele ya hakimu. Basi nianze hivyo. Siku hiyo na saa hiyo, katika gereji ya wazi iliyo kando ya Barabara ya Naivasha, Riruta, nilimwamuru fundi aitwaye Were aondoe themostati katika injini ya gari la Mulwa.

Neno "nilimwamuru" nimelichagua. Kwa miezi minne nilikuwa nikitumia maneno mengine.

Mulwa alikuwa nyuma yangu kwa miaka miwili shuleni. Ilikuwa shule ya bweni, ya wavulana, penye baridi ya kupasua midomo, nami nilikuwa kapteni wa bweni lake. Tulikuwa na desturi ambayo hadi leo sijaiona mahali pengine. Kila Jumapili jioni, kabla ya majina ya wakosaji wa juma hilo kusomwa, kapteni alinyamaza akahesabu kimoyomoyo hadi sitini. Aliyekosa alipewa nafasi hiyo asimame mwenyewe. Akisimama aliadhibiwa kama wengine, lakini jina lake halikusomwa. Miaka miwili nilihesabu mimi. Mulwa alisimama mara moja tu, kwa sababu ya taa iliyovunjika, nami nilikuwa nimefika hamsini na nane. Nakumbuka kwamba nilimdharau kidogo kwa kuchelewa.

Miaka thelathini na mitatu baadaye alikuwa bado akiniita "Kapteni", mbele ya mkewe Ndanu, mbele ya wanawe, hata kwenye simu. Sikuwahi kumkataza.

Mwaka ule alikuwa amepunguzwa kazini. Malipo yote aliyopewa akayanunulia Korola nyeupe iliyotoka Japani, akaipaka mstari wa manjano ubavuni, akawa anaegesha nje ya majengo ya ofisi kule Hurlingham akingoja abiria. Gari hilo lilikuwa mshahara wake, karo ya wanawe na kodi ya nyumba. Hakuwa na kitu kingine. Ndiyo maana aliniomba niandamane naye kwa fundi: hakutaka kukosea.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Kwenye foleni ya Valley Road, mshale wa joto ulikuwa ukipanda kupita katikati.

"Ni swichi ya feni," Were alisema, akijifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe. "Inachelewa kuwasha. Nibadilishe swichi, nioshe radieta, mambo iishe."

"Badilisha. Na utoe themostati," nikasema.

"Ya hii usitoe, mzee. Hii si kama ya Pijo yako. Iko na sahani mbili. Ya juu ikifungua njia ya radieta, hii ya chini inafunga hiyo bomba fupi. Ukitoa, maji itakuwa inazunguka tu hapa ndani kwa injini. Radieta itabaki ya maonyesho."

"Themostati ni ya nchi za theluji," nikamwambia. "Kazi yake ni kuyazuia maji yasiende kwenye radieta. Ukiondoa kizuizi, maji yanakwenda. Hiyo ni fizikia ya kidato cha pili. Wewe fizikia uliisomea wapi, Were?"

Walikuwapo wateja wengine wanne au watano. Wakacheka. Muigai, aliyekuwa darasa moja nami na ambaye hajawahi kuuacha mzaha upite bila kuushika mkia, akadakia: "Amesomea chini ya lori! Chuo kikuu cha oili chafu!" Wakacheka tena, na Were naye akacheka, jinsi anavyocheka mtu anayetaka wateja warudi kesho. Kisha akamgeukia Mulwa.

"Gari ni yako, baba. Wewe unasema aje?"

Mulwa akanitazama. "Kapteni amesema."

Were akaitoa. Akaipangusa, akanitilia mkononi. "Weka hiyo, mzee. Siku moja utaitafuta."

Niliitia katika kisanduku cha dashibodi ya Pijo yangu. Themostati ya Pijo hiyo niliiondoa mwaka 1987, na tangu hapo gari halijachemsha hata siku moja. Huo ndio uliokuwa ushahidi wangu wote: gari moja, tena la aina nyingine.

Kwa miezi miwili Korola ilikimbia vizuri mjini, maana mjini hakuna mlima mrefu. Jumatano, tarehe 20 Desemba, mchana, jua kali, Mulwa alikodishwa na watu wawili kwenda Naivasha na kurudi. Wakati wa kurudi, kwenye kule kupanda kutoka Mai Mahiu, injini ilikufa. Gari lilivutwa kwa kamba hadi Riruta. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda na bloku iliyo chini yake imepasuka mahali pawili. Ilikuwa injini ya kuuzwa kwa kilo.

Alinisimulia kesho yake sebuleni kwangu, akiwa ameketi ukingoni mwa kiti.

"Niliona mshale unapanda, Kapteni. Ukafika kwa nyekundu. Mmoja wa hao abiria akaniambia, dereva, gari yako inachemsha. Nikamwambia, hii haiwezi kuchemsha, ilitolewa themostati. Nikajua ni mshale umeharibika. Nikakanyaga mafuta. Karibu tufike Rironi ikajizima yenyewe."

Nilimsikia. Angesimama pale mshale ulipoanza kupanda, angeongeza maji, angeinusuru injini. Hakusimama kwa sababu aliniamini mimi kuliko chombo kilichokuwa mbele ya macho yake.

Hakunilaumu. Alikuwa amekwisha kumpata wa kulaumiwa. "Huyo Were alifunga vibaya. Aliudhika tulipomcheka, akafunga vibaya."

"Huenda," nikasema.

Wakati huo sisi wanafunzi wa zamani tulikuwa tukikutana kila Jumamosi mahali pa kuoshea magari, nyuma ya Barabara ya Argwings Kodhek, Hurlingham. Tuliketi kwenye viti vya plastiki huku magari yakioshwa, tukashauriana juu ya mambo ya magari: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, tairi za mitumba, vioo vya pembeni vinavyong'olewa mtu akiwa kwenye taa za barabarani, bima isiyolipa. Katika baraza hilo mimi ndiye niliyesema neno la mwisho. Mulwa alipoeleza yaliyompata, Muigai alipiga paja.

"Kapteni aandike barua kwa mwenyekiti wa mafundi. Kalamu ya Kapteni hata hakimu anaiogopa!"

Niliandika usiku huohuo, ukurasa mmoja na nusu. Kwamba tarehe 14 Oktoba 2006 fundi aliyetajwa aliondoa themostati katika gari hilo. Kwamba hakuirudisha wala hakuweka nyingine. Kwamba kabla ya tarehe hiyo gari lilikuwa likifanya kazi kila siku. Kwamba katika siku ya sitini na saba injini iliharibika kwa joto, na kwamba mwenye gari hana riziki nyingine. Niliisoma mara tatu. Haikuwa na uongo hata mmoja. Nilichoacha ni maneno matatu tu: kwa amri yangu.

Nimejiuliza mara nyingi iwapo nilipoiandika nilikuwa bado naamini kwamba Were ndiye aliyekosea. Sijapata jibu la kuniridhisha. Ila najua hili: kama ningeamini kweli kwamba amri yangu ilikuwa sahihi, nisingeogopa kuiandika.

Kamati ya mafundi iliketi tarehe 30 Desemba chini ya paa la mabati, palepale gerejini. Mwenyekiti alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aitwaye Waweru. Were alisimama, mikono nyuma.

"Mimi niliambiwa nitoe," akasema. "Nilikataa, nikachekwa."

"Uliambiwa na nani?"

"Na huyu mzee. Mzee Thuo."

Waweru akanigeukia kwa heshima nyingi. "Mzee, ulikuwa hapo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimlazimisha?"

"Mimi si fundi," nikajibu. "Mtu asiye fundi hawezi kumlazimisha fundi."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hilo nalo halikuwa uongo. Were alinitazama, nami nikaitazama barua yangu iliyokuwa mbele ya mwenyekiti, imenyooka, haina doa.

Kamati iliamua kwamba Were atamtafutia Mulwa injini nyingine, na hadi atakapoileta, sanduku lake la spana litakaa kwa Mulwa kama dhamana. Nafasi yake gerejini akapewa mwingine. Spana zile alikuwa amezikusanya moja moja kwa miaka kumi na tisa. Hapana mtu aliyeuliza fundi asiye na spana wala mahali pa kazi ataitafuta injini kwa njia gani. Mimi pia sikuuliza. Mulwa, mtu mpole niliyemjua tangu utoto, alibeba sanduku lile begani, na kabla ya kuondoka akamwita Were mwuaji wa watoto wake.

Mwishoni mwa Januari nilikwenda mjini, Kirinyaga Road, kutafuta mkanda wa feni wa Pijo. Nilimwendea Philister, mama aliyeuza spea mahali pamoja kwa miaka ishirini na ambaye hujibu swali kabla hujalimaliza. Nilipokuwa nikimlipa nikaitoa themostati ya Mulwa, nikaiweka juu ya kaunta kama jambo nililolikumbuka papo hapo.

"Hii ni nzima?"

Alimimina maji moto kutoka katika chupa yake ya chai ndani ya kikombe cha bati, akaitumbukiza. Tukangoja. Pole pole kifuniko cha juu kikafunguka, na wakati huohuo, upande wa chini, sahani ndogo ikasogea nje, ikaenda kukaa mahali ambapo katika injini pangekuwa na lile bomba fupi. Ilikuwa kama Were alivyosema, sahani kwa sahani.

"Ni nzima kabisa," Philister akasema. "Nani alitoa?"

"Fundi fulani."

"Hakuna fundi anaweza kutoa hii. Ya Pijo sawa, ya lori ya zamani sawa. Hii iko na sahani ya chini haitolewi. Lazima ni mwenye gari alimsumbua. Hawa wenye magari wamesoma ndio wabaya, baba yangu. Wanakuja hapa na vitabu kwa kichwa."

Akanirudishia chenji na themostati ikiwa bado ina joto.

Ningeweza kwenda kwa Waweru alasiri hiyo. Kutoka mjini hadi Riruta si mbali. Badala yake nilifanya jambo ambalo watu hulisifu. Nilimnunulia Mulwa injini iliyotumika, nikalipia na kufungwa kwake, nikamwambia ni kwa ajili ya bweni letu. Alilia. Ndanu alinipigia simu akaniombea baraka hadi salio la simu likamwishia.

Jumamosi, tarehe 10 Februari 2007, saa tano asubuhi, jua, anga safi, Mulwa alikuja Hurlingham akiendesha. Aliwanunulia wote soda. Alisimama akaeleza niliyomfanyia, bila kupunguza.

"Kapteni ni Kapteni!" Muigai akapaza sauti. "Wengine tuliacha ukubwa shuleni, huyu alitoka nao kwa geti!"

Wakapiga makofi. Kisha Mulwa akafungua buti, akaonyesha sanduku la Were.

"Hii sasa niifanyie nini, Kapteni? Injini nimepata, na yeye hakuleta kitu. Ndanu hataki kuiona nyumbani."

"Niuzie mimi," Muigai akasema. Alikuwa amekwisha kulifungua. Alichagua spana moja, akaipima uzito kwa kiganja. "Hizi ni za zamani, chuma cha kweli. Sema bei ya rafiki."

Wakaanza kupatana. Nikanyamaza, na bila kukusudia nikajikuta nahesabu. Sikuwa nimehesabu hivyo tangu utoto wangu. Muigai alikuwa akisema spana za fundi mharibifu haziwezi kuuzwa ghali, Mulwa akicheka, na mimi nilipita thelathini, nikapita hamsini. Nilifika sitini nikiwa nimeketi. Niliendelea kuhesabu, maana sikujua la kufanya baada ya hapo.

Nilisimama nilipofika tisini na tatu.

"Sanduku hilo haliuzwi," nikasema. "Were alikataa kuitoa themostati. Alieleza sababu, na sababu yake ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyemwamuru, mbele yako, Mulwa, na mbele yako, Muigai. Barua niliandika nikijua nilichoacha. Mwenyekiti aliponiuliza nilikwepa."

Muigai alikuwa wa kwanza kusema. "Aa, Kapteni, wacha kujitesa. Fundi ni fundi. Si angekataa?"

"Alikataa. Tulimcheka."

"Tulicheka kidogo tu! Mtu anakufa na kicheko?" Akawatazama wenzetu wamsaidie. Mmoja akasema kwamba hata hivyo nimekwisha kununua injini, basi jambo limeisha. Mwingine akauliza kama soda zimebaki. Nilitambua kwamba hawakutaka kulisikia. Mahali pale palikuwa pazuri zaidi fundi akiwa ndiye mwenye makosa.

Mulwa alilifunga sanduku, kisha akaifunga buti.

"Uliniacha nimtukane, Thuo."

Katika miaka thelathini na mitatu hakuwa amewahi kulitamka jina langu.

"Baada ya kamati nilienda mpaka kwa nyumba yake," akaendelea. "Mbele ya bibi yake. Nilimwambia maneno siwezi kurudia hapa. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ingia. Twende."

Alinifungulia mlango wa nyuma, kama anavyomfungulia abiria, nami nikaketi nyuma. Kutoka Hurlingham hadi Dagoretti hakunitazama kwenye kioo hata mara moja. Mshale wa joto ulikaa katikati, haukutikisika.

Kwa kuulizauliza tulimpata Were karibu na machinjio, saa saba na nusu, jua likiwa utosini, akipakia ngozi mbichi kwenye mkokoteni. Alikuwa amekonda. Alipoliona sanduku mikononi mwa Mulwa aliziacha ngozi, akaja taratibu, hakunyoosha mkono.

"Were, ndugu yangu," Mulwa akasema, "nilikukosea. Nimejua leo. Maneno niliyokuambia nyumbani nitakuja kuyaondoa palepale niliyasemea, bibi yako akisikia."

Were akapiga goti, akalifungua sanduku, akazipitisha spana kwa kidole, midomo ikihesabu.

"Namba kumi na nne haiko."

"Imebaki na Muigai mkononi. Twende tuichukue saa hii. Panda mbele."

Were akanawa mikono kwenye mfereji, akaingia na sanduku mapajani. Nilikwenda upande wake. Kioo kilikuwa wazi. Tangu asubuhi nilikuwa na bahasha katika mfuko wa koti, niliyoitayarisha kabla sijajua kama nitathubutu kuitoa. Ndani yake ulikuwamo ujira wa fundi wa siku zote tangu tarehe 30 Desemba, nilivyoukadiria, bila kupunguza.

"Were," nikasema, "ulisema kweli, nami nilijua kwamba umesema kweli. Nimewaambia wenzangu leo."

"Wote?"

"Wote waliokuwepo."

"Na Waweru? Na hao watu wote walikuwa kwa kamati?"

"Nitamwandikia."

"Barua ingine." Alicheka, na mara hii hakucheka kama mtu anayetaka mteja arudi. "Andika. Unajua kuandika."

Nikamnyooshea bahasha. "Hizi ni siku zako. Ni haki yako."

Aliitazama bila kuigusa. "Najua ni haki yangu, mzee. Bibi yangu aliuza cherehani Januari, kwa hivyo hiyo najua vizuri kuliko wewe. Lakini nikichukua, wewe leo utalala usingizi. Kaa nayo. Hiyo sichukui, leo wala siku ingine."

Akapandisha kioo.